Dada Nevyana na Tanzia ya Stamena

Katika mji wetu jeneza hubebwa na wanaume. Wanawake hufuata nyuma na mishumaa, wameshikana mikono kwa sababu njia ya makaburini ni ya mawe na inapanda. Kwa hiyo siku dada yangu Nevyana alipozikwa, katika wiki ya pili ya Kwaresima, jeneza lake lilipotoka kanisani likiwa mabegani mwa wasichana, watu waliokuwa mlangoni mwa duka la mikate waliacha kutafuna. Mzee mmoja alivua kofia, akaivaa, akaivua tena.

"Hawa ni akina nani?" aliuliza. "Ni wanawe?"

"Nevyana hakuzaa," mtu alimjibu.

"Sasa hawa wametoka wapi?"

Siku ile sikuwa na nguvu ya kumjibu. Sasa arobaini imepita. Nimepeleka ngano na divai kaburini, nimelia kilio nilichokuwa nacho, na kilichobaki naona hakitaisha upesi. Acha nimjibu yule mzee kwa maandishi.

Mimi ni Slavka, nauza mishumaa mlangoni mwa kanisa la Mtakatifu Petka. Nevyana alinitangulia kuzaliwa kwa miaka saba, nami nilimwita Kako, kama kila mdogo kwetu anavyomwita dada yake mkubwa. Mama yetu alipougua mgongo, Kako aliacha shule akaenda kiwanda cha uzi, ili mimi nimalize sekondari. Hakunikumbusha jambo hilo hata siku tulipogombana.

Alikuwa mtu wa kimya. Kimya chake kilikuwa cha mtu anayeogopa kuwasumbua wengine. Kwenye foleni watu walimpita, naye alirudi nyuma kidogo ili wapite vizuri. Kwa daktari nilimsemea mimi: "Anaumwa hapa, Daktari, na hapa," huku yeye amekaa kitandani anaangalia viatu vyake. Mume wake Pencho, dereva wa lori, alikuwa na sauti ya watu watatu na yote aliitumia nyumbani, mpaka siku alipoondoka na lori kwenda Hispania asirudi. Kako alimwombea kila Jumapili. Nilimuuliza anamwombea nini.

"Barabara nzuri."

"Ya kurudi?"

"Ya kwenda," alisema, na nikaona mdomo wake umecheza kidogo.

Kiwanda kilipofungwa alipata kazi katika nyumba ya kusomea ya mji, ile yenye maktaba, jukwaa na ukumbi wa kufundishia ngoma. Alifagia, alipiga deki, na wakati wa baridi aliwasha jiko la kuni. Chumba cha nyuma kilikuwa na kompyuta chache zilizoletwa na watu wetu wanaofanya kazi nje, na waliozitawala walikuwa wavulana. Walipokuwa shuleni zilizimwa. Walipotoka shuleni, hapakuwa na kiti.

Msichana mmoja mdogo mwenye miwani alikuwa akija kila siku na kusimama karibu na jiko. Aliitwa Mirela. Mama yake alikuwa Italia akiwatunza wazee wa watu, na yeye alilelewa na bibi yake, Bibi Tsona, ambaye nyumba yake imetazamana na kanisa na ulimi wake unafika mbali kuliko kengele.

"Mwanangu, unaumwa?" Kako alimuuliza.

"Hapana, shangazi. Napasha mgongo moto."

"Saa nzima? Utaiva."

Mirela alicheka, kisha akasema ukweli: alikuwa anasubiri kompyuta, na wavulana walimwambia zamu ya wasichana ni mwakani.

Kako aliongeza kuni kwenye jiko. Lakini Jumatatu iliyofuata alimwaga maji sakafuni mapema, akasimama mlangoni na tambara lake, akawaambia wavulana kwamba kuanzia sasa Jumatatu na Alhamisi ni siku za deki, na viatu vya matope haviingii. Wavulana hawakuwa tayari kuvua viatu kwa ajili ya mtu yeyote, wakaenda kucheza mpira. Mirela alivua vya kwake, akaingia na soksi. Alhamisi akaja na rafiki yake Zornitsa, na baada ya hapo pale mlangoni palikuwa na mstari wa viatu vya wasichana kama mlangoni mwa nyumba yenye harusi.

Walicheza nini? Mimi nilidhani ni mambo ya bunduki na mashetani, na nilimwambia hivyo. Kako alisema mengine ni hayo, mengine siyo. Mwanzoni alikuwa akipita tu na ufagio, akitazama kwa jicho la pembeni. Siku moja alisimama nyuma ya Zornitsa na kuona kwenye kioo cha kompyuta msichana anayepigana na dubu katikati ya theluji, tumbo wazi, miguu wazi, juu ya viatu vya kisigino kirefu.

"Huyu mtoto ana mama?" aliuliza.

"Ni shujaa, shangazi. Ana nguvu kuliko wote."

"Na figo je? Baridi itamshika figo. Mvalisheni kitu."

Wasichana walicheka mpaka Zornitsa akaliwa na dubu. Ndipo Mirela akamwambia, "Shangazi, njoo nikuonyeshe mwenye koti."

Mwenye koti alikuwa Stamena. Mchezo huo ulitengenezwa na vijana wa Sofia, mji wetu mkuu, na nadhani kuna mmoja wao aliyelelewa na bibi wa kijijini, kwa sababu Stamena si mrembo wa kwenye mabango. Ana miaka arobaini na saba. Ana mikono minene, nywele zilizosukwa zenye mvi, na koti la sufu linalofika magotini. Anawaongoza watu wa kijiji kilichochomwa moto, wazee na watoto na mbuzi, kuvuka milima wakati jeshi linawafuata. Akianguka huinuka polepole, mkono kwenye goti, kama wanawake wetu wanavyoinuka shambani kwenye tumbaku.

"Angalau huyu kavaa," alisema Kako, akaketi kutazama. Wasichana wakamwekea mkono kwenye kipanya.

Siku ya kwanza alimwingiza Stamena mtoni akamzamisha. Wakamrudisha, akamzamisha tena.

"Samahani, Stamena," alisema.

"Shangazi, hasikii!"

"Najua hasikii. Lakini mimi ndiye niliyemzamisha."

Alijifunza taratibu. Mikono iliyofunga nyuzi maisha yake yote haikushindwa na vitufe. Jioni alipokuja kwangu kula supu, alinisimulia alikofika Stamena kama watu wanavyosimulia habari za jirani. Na kitu kilichomgusa zaidi hakikuwa vita. Kulikuwa na mahali ambapo tajiri mmoja anamtaka Stamena amwachie watoto wawili wa kufanya kazi kwake, naye atawapa wengine mahali pa kulala. Stamena anasema hapana, anageuka, anaendelea kufunga mizigo.

"Umesikia, Slavke?" Kako aliniambia, kijiko kikiwa hewani; kwetu Slavka akiitwa huwa Slavke, na Tsona huwa Tsono. "Hakueleza kwa nini."

"Kueleza nini?"

"Chochote. Alisema hapana, basi. Yule mtu amebaki amesimama pale na kofia yake. Hata samahani hakumwomba."

Alikula kidogo, akasema tena, "Basi tu. Hapana."

Mimi nilikasirika. Namwambia Mungu ukweli, nilimwonea wivu yule mwanamke wa kwenye kioo. "Una Mtakatifu Petka," nilimwambia. "Una Mama wa Mungu, una kumbukumbu ya mama yetu. Stamena ni wa nini? Ni umeme. Ukizima swichi hayupo."

Kako aliweka kijiko mezani. "Mtakatifu Petka namheshimu," alisema, "ila sijawahi kumwona anaanguka. Huyu ninamwangusha mimi, na ninamwinua mimi. Nikimwinua, naona kama na mimi nimeinuka."

Mpaka leo nikisimama mbele ya sanamu ya mtakatifu wetu huyakumbuka maneno hayo, na sidhani kwamba mtakatifu ameyachukia.

Mabadiliko yalikuja kama majira, huwezi kusema yalianza lini. Siku moja tulikuwa kwenye foleni ya mikate na kijana mmoja mwenye koti la ngozi akampita Kako kama alivyopitwa siku zote. Nilikuwa nafungua mdomo kumsemea.

"Kijana," alisema Kako, "mwisho wa foleni uko kule."

Sauti yenyewe ilikuwa ndogo. Lakini kijana alirudi. Muuzaji alibaki ameshika mkate hewani.

Kisha ikatoka sehemu ya pili ya mchezo ule. Walikuwa wameisubiri wakiitaja kila siku, nao waliicheza kwa zamu majira yote ya kuchipua, wakati mto wetu ulipokuwa umefurika na kubeba vibanda vya kuku kule chini. Mwisho wake ulikuwa huu: Stamena anafika kwenye daraja la mwisho, jeshi liko nyuma, daraja ni bovu. Anasimama peke yake mwanzoni mwa daraja mpaka mtoto wa mwisho avuke, na hapo daraja linaondoka naye. Haijalishi unabonyeza nini. Wasichana walijaribu kila njia. Waliandika hata Sofia kuuliza kama kuna njia ya siri, wakajibiwa hakuna.

Walilia. Mirela alilia kuliko wote, na mnajua mtoto aliyeachwa na mama hulia vipi anapomlilia mtu mwingine. Kako hakuwaambia kwamba ni mchezo tu. Aliketi nao sakafuni penye unyevu, akawauliza: "Kwetu mtu akifa tunafanya nini?"

Kila mtu kwetu anajua tunafanya nini. Tunaandika tanzia, karatasi moja yenye picha na maneno, tunaibandika mlangoni mwa nyumba, kwenye nguzo, kituo cha basi, duka la mikate, ili anayepita asimame, asome, aseme "Mungu amsamehe" na kuendelea na safari yake. Nguzo za mji wetu zimevaa karatasi hizo kama magome. Basi waliandika pamoja: *Kwa uchungu mkubwa tunawatangazia kwamba Stamena, mwenye umri wa miaka arobaini na saba, aliyesimama darajani mpaka watoto wote wakavuka, ametutoka. Waliofiwa: wasichana wake.* Picha waliitoa kwenye mchezo. Kako alipika gundi ya unga wa ngano, wakaibandika moja kwenye mlango wa chumba cha nyuma. Akawasha mshumaa, kisha wakaenda nyumbani.

Wasichana, hata hivyo, walirudi na sufuria ya gundi iliyobaki. Walichapisha nyingine, wakabandika mji mzima.

Sasa hebu fikirini. Mashine ya kuchapisha ya nyumba ya kusomea imezeeka, picha ilitoka nyeusi na yenye ukungu, uso wa mwanamke wa makamo mwenye nywele za kusukwa, kama picha ya kitambulisho cha yeyote kati yetu. Mto umefurika. Daraja, watoto. Na jina ni Stamena, jina la bibi zetu. Asubuhi nilipofungua meza yangu ya mishumaa, wanawake walikuwa wameshajaa.

"Umeona masikini Stamena?" alisema wa kwanza.

"Stamena yupi?"

"Wa mtaa wa juu, si yule aliyeolewa kule mji wa Mezdra?"

"Hapana bwana," alisema Bibi Tsona, ambaye hapendi habari impite. "Huyo ni Stamena wa Kolyo mfua bati. Nimesoma naye! Miguu yake ilikuwa mirefu hivi, alinishinda mbio mwaka mzima. Harusi yake nilikula kondoo mpaka nikaugua."

"Amefia mtoni?"

"Mtoni! Na mabinti amewaacha. Wadogo bado."

Niliwauzia mishumaa hadi sanduku likaisha. Na mimi niliwasha mmoja, nikamwombea, nikafuta machozi. Bibi Tsona alikwenda nyumbani kuchemsha ngano ya kumkumbuka marehemu, akaipamba kwa sukari na lozi, akaigawa kanisani kwenye vikombe vya karatasi, na kila aliyepokea alisema, "Mungu amsamehe Stamena." Jumapili jina lake lilifika kwa Padri Evstati. Aliniuliza kama mtu huyo alibatizwa kwa jina hilo. Nilimwambia, "Ndivyo ilivyobandikwa, Baba." Akasoma mbele ya altare, pamoja na wafu wetu wote: mtumishi wa Mungu Stamena.

Kanisa zima lilisikia mtoto akipiga yowe. Alikuwa Mirela, amesimama kando ya bibi yake, mikono mdomoni. Alianza kucheka, kicheko kikageuka kilio, na katika kilio hicho akasema yote.

Sitasimulia safari ya kutoka kanisani siku ile. Itoshe kusema kwamba Bibi Tsona alimshika Mirela mkono mpaka nyumbani na mtoto hakuonekana nje wiki nzima. Jumatatu, mlangoni mwa nyumba ya kusomea, mwenyekiti wake, Bai Haralampi (Bai kwetu ni kama kusema Mzee), aliyekuwa mhasibu wa kiwanda cha uzi, alimwambia Kako kwamba Jumapili ijayo baada ya ibada kutakuwa na mkutano wa wanachama, na ajenda ni moja: kuwaondoa wasichana katika chumba cha nyuma, na kuwapa wazee wa karata, ambao mkahawa wao ulikuwa umefungwa.

Siku hiyo Kako hakula supu. "Wavulana wana uwanja," alisema. "Wana baa, wana mto, wana barabara yote. Hawa wana nini?"

"Watasoma vitabu."

"Watasimama karibu na jiko, Slavke. Watarudi kusimama karibu na jiko."

Nilimwambia nitamsemea kwenye mkutano, maana hata mimi nilikuwa nimeshalainika. Kesho yake aliniomba tu nimsindikize kwa Padri Evstati. Padri alikuwa bustanini anafunga nyanya, na hakuacha.

"Nimemtaja mbele ya altare, Nevyana."

"Ndiyo, Baba. Nisamehe."

"Askofu akisikia, atanihamishia kijiji ambacho hakuna hata mbwa."

"Nisamehe, Baba."

Alifunga mmea mmoja, mwingine, kisha akauliza bila kugeuka: "Alikufa vipi lakini?"

Kako alimsimulia. Sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi kiasi kile kwa mfululizo. Aliposema kuhusu mtoto wa mwisho kuvuka, Padri aliacha kamba.

"Jina siwezi kulirudia," alisema. "Hana roho ya kuombewa. Lakini waliomlilia wana roho, na machozi yao yalikuwa ya kweli, hayo siyakatai." Akampa Kako miche ya nyanya akaipande. Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yake.

Jumapili ukumbi ulijaa kuliko siku ya ngoma. Bai Haralampi alisimama mbele na tai yake ya kiwandani.

"Hapa ni nyumba ya kusomea," alianza. "Babu zetu waliijenga kwa ajili ya nuru. Hawakuijenga tuombolezee katuni!"

"Ngano!" Bibi Tsona alipaza sauti kutoka kiti cha mbele, Mirela amekaa pembeni yake kichwa chini. "Nimechemsha ngano! Na lozi! Kwa mwanasesere!"

"Si ulisoma naye?" mtu alisema nyuma, na watu wakacheka.

"Nyamaza wewe, uso kama soksi! Wewe ulinunua mishumaa mitatu!"

"Watu, watu," alisema Bai Haralampi. "Nani alibandika karatasi zile? Nataka jina."

Wasichana waliokaa karibu na dirisha walinywea. Nilijua Kako hakujua lolote kuhusu nguzo. Nikaanza kuinuka nimsemee. Akaniwekea mkono begani, akanikalisha, akasimama yeye.

"Gundi niliipika mimi," alisema. "Andika mimi."

"Nevyana, hatusemi kuhusu gundi..."

"Mimi nasema kuhusu gundi."

Watu hawa walikuwa wamemwona dada yangu maisha yake yote na wengi hawakuijua sauti yake. Bai Haralampi alirekebisha tai.

"Vizuri. Basi unakubali kosa, na tunapiga kura chumba kifungwe kwa wasichana."

"Hapana," alisema Kako.

"Hapana nini?"

"Hapana."

"Lakini eleza, dada yangu! Lazima kuwe na sababu!"

Hakueleza. Alisimama tu pale, mikono juu ya aproni, naye Bai Haralampi amesimama na karatasi zake, na kila mtu anasubiri. Sijui ilichukua muda gani. Mimi nilisali. Kisha Kako akatembea mpaka kiti cha mbele, akamshika Bibi Tsona kiwiko.

"Umemchemshia ngano bila kumjua," alimwambia. "Njoo umwone."

"Niache! Sitaki kumwona!"

"Mirela atakuonyesha. Vua viatu tu, nimepiga deki."

Nadhani ni viatu vilivyomshinda Bibi Tsona. Mwanamke wa kwetu akiambiwa avue viatu kwa sababu pamepigwa deki, huvua kwanza halafu ndipo hubisha. Alivua. Na sisi sote tukamfuata, tukajazana katika chumba kile na soksi zetu, zingine zimetoboka, mpaka Bai Haralampi na tai yake.

Mirela alimkalisha bibi yake, akamwekea mkono mmoja kwenye kipanya na mwingine kwenye vitufe. "Huyu ndiye. Hapa ni daraja. Usiwaache askari wapite mpaka watoto wamalize kuvuka."

"Watoto wako wapi?"

"Nyuma yako, bibi. Bonyeza!"

"Nabonyeza! Yule ni nani anakuja? We mshenzi, rudi! Mirela, ananipiga!"

"Mpige na wewe!"

"Mshike upande wa kushoto, Tsono!" alipaza sauti mwanamke mmoja nyuma. "Kushoto, kipofu wewe!"

"Watoto wangapi wamebaki?"

"Mmoja tu, bibi. Shikilia!"

Alishikilia. Mtoto wa mwisho alivuka. Daraja likaondoka, na Stamena nalo. Kilisikika kipanya tu, ambacho Bibi Tsona alikuwa bado anakibonyeza. Kisha alijipiga ishara ya msalaba, pana, kama kanisani.

"Rudisha," alimwambia Mirela.

"Anakufa kila mara, bibi. Haibadiliki."

"Nimesema rudisha. Sikuwa tayari." Na bila kugeuza macho kutoka kwenye kioo akainua mkono wa kushoto. "Mimi nimeshapiga kura, Haralampi: wasichana wabaki. Hesabu."

Mikono mingine ikainuka, ya wanawake kwanza, kisha ya wanaume waliokuwa wamesimama karibu na wake zao. Bai Haralampi aliangalia huku na huku.

"Na watu wa karata?" aliuliza, sasa kwa sauti ya mtu anayeomba kiti.

"Jumatano chukueni," alisema Kako. "Mkivuta sigara, deki mtapiga wenyewe."

Hivyo ndivyo chumba kilivyobaki. Wasichana waliopita hapo sasa ni wakubwa. Zornitsa anaendesha gari la wagonjwa, Mirela anasoma Sofia na hutengeneza michezo hiyohiyo, na hao ndio waliokuja na basi usiku kucha kumbeba mtu wao. Yule mzee wa kofia, natumaini amepata jibu.

Lakini ninapomkumbuka Kako, sikumbuki sana mkutano. Nakumbuka baada yake, tulipokuwa tunarudi nyumbani mchana ule na jua limetoka. Tulipofika kwenye ukuta wa shule tuliketi juu ya mawe kama wasichana.

"Slavke," alisema, "nilisema nini?"

"Hukumbuki?"

"Sikumbuki chochote. Nilikuwa nasikia masikio yanavuma. Niambie."

Nikamwambia, neno kwa neno, kuanzia gundi.

"Na sauti ilitetemeka?"

"Kidogo."

"Ya Stamena haitetemeki."

"Stamena hajawahi kusimama mbele ya Haralampi."

Alicheka akafuta macho kwa aproni. "Na Haralampi alikuwa na uso gani niliposema hapana?"

Nikamwigizia uso wa Haralampi, mdomo wazi, mkono kwenye tai. Kako alicheka mpaka akanishika bega asianguke, na watu waliotoka kanisani kwa kuchelewa walitupita wakatushangaa, wanawake wawili wazima, Jumapili, mtaani.

"Tena," alisema. "Fanya tena."